Taa ya Nyuma ya Sufuria

Bati la mlango wa banda la mbuzi lilikwaruza gizani. Nasra aliganda, waya wa taa mkononi.

"Fisi huyo," mama mkwe alinong'ona. "Mwache amchukue. Mbuzi ni mbuzi tu."

"Na maziwa ya mwanangu Tunu, mama?"

Mbuzi watano wa majirani walikuwa wametoweka mwezi ule, na mji mzima ulijifungia ndani tangu magharibi. Ndiyo maana Nasra aliunda taa. Aliomba kwa mafundi vitaa arobaini vya pikipiki mbovu, akavibandika nyuma ya sufuria ili ivute joto lisiviunguze. Alikuwa hajaijaribu bado.

"Sufuria yangu ya pilau," mama mkwe alilalamika, hata katika hofu ile.

Nasra alipapasa gizani, waya ukakosa betri mara mbili. Nje, mbuzi alilia mara moja, kisha kimya.

Waya ukagusa. Ua mzima ukawa mweupe, kila jiwe na kivuli chake. Nasra alikuwa amefumba macho, hakuthubutu kuyafumbua. Tunu, wa miaka minne, alikuwa amesimama juu ya kiti dirishani.

"Mama, fisi amevaa viatu."