Mke Mkubwa wa Ziro

Kahonzi aliinama chini ya meza ya Mutuku, muuza vyuma chakavu wa Kisumu Ndogo, akachomoa jiwe lililotegemeza mguu mfupi. Meza ikalala upande, misumari ikamwagika.

"Mama! Wataka kuniangushia biashara?"

Jiwe lilikuwa jeusi kwa grisi, hata mwenye jiwe asingelitambua. Kahonzi alilitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba. Uso ulikuwa umelika bonde, na bonde limeelemea kushoto. Pembeni palikuwa na pengo. Ndipo lilipomeguka siku ile lilipomponyoka mumewe juu ya mnazi.

"Limetoka wapi?"

"Lilikuja ndani ya gunia la vyuma, aliyelileta hata simjui. Lichukue, mama, uniachie meza yangu."

Ziro, mumewe, alikuwa mgema wa mkono wa kushoto. Kila akinoa kotama yake ya kugemea, alimtegea mkewe: "Kitendawili! Namlisha mwenzangu, mwenyewe nakonda." Kahonzi alijua jibu ni kinoo, lakini hujibu, "Mimi huyo!" wakacheka wote wawili. Akilala, kinoo ki chini ya mto. Akisafiri, ki kiunoni. "Huyu ndiye mke mkubwa," humtania. "Wewe mdogo naweza kukuacha. Mkubwa, siachani naye."

Basi akaenda kugema ng'ambo ya mto Sabaki, asirudi. Wenye maneno wakasema ameoa huko. Wakwe nao wakaamini amekufa, wakaja na wembe wa matanga, wamnyoe mjane wao, kilio kiishe. Kahonzi akawafukuza.

"Na awe na wake kumi huko! Mume wangu yu hai. Nywele zangu mwazitakia nini?"

Kwa kukimbia matusi wakausahau wembe kizingitini. Kahonzi akauchomeka kwenye makuti ya paa. Nywele hakuzikata tena. Alizisuka, akazifunga leso.

Nyumbani, mtaa wa Barani, binti yake Nelly alilipokea lile jiwe kwa vigelegele.

"Kinoo cha baba! Mama, basi naye hayuko mbali! Kesho tumtafute aliyelileta."

"Bandika maji," mama akasema.

Walililoweka kwa maji ya moto na sabuni, wakalisugua kwa makumbi ya nazi, grisi ikatoka, rangi yake ya majivu ikaonekana. Kisha Kahonzi akalilaza chali kwenye saruji, akatia mchanga na maji, akalisaga upande wa mgongo mpaka ukanyooka.

"Na huku kwenye bonde?"

"Huko usikuguse. Huko ndiko ulikopita mkono wa babako."

Nelly akawa anaimba huku akimwaga maji machafu. "Akija atakikuta tayari!"

Kahonzi alinyoosha mkono makutini, akachomoa kitu chenye kutu, akaanza kukinoa kwenye ule mgongo ulionyooka. Hakuwa na haraka. Kilipong'aa, Nelly aliacha kuimba.

Mama alifungua leso, akaketi chini, akamshikisha mwanawe ule wembe.

"Anzia utosini, mwanangu."