Njiwa wa Sudi

"Anakuja, mama Rukia! Anakuja!" Sudi alimwambia mkewe, na Mize akatazama juu, akaona mawingu matupu. Tangu asubuhi wanaume wenye vitambi na wajukuu walikuwa wamejazana uani kwake, shingo zimewakakamaa, wakingoja njiwa walioachiliwa mji wa mbali. Eti mashindano hayo! Chai yao aliipika yeye.

Mara njiwa wa Sudi akatua juu ya paa. Ushindi ni mpaka aingie kibandani, naye hakuwa na haraka, akawa anajidonoa manyoya. Sudi akapiga magoti. "Njoo, roho yangu. Njoo upumzike, umechoka."

Kumbe mumewe anayo sauti ile! Mize aliporudi kutoka kumzika mamake, alipokewa kwa kuulizwa kuna chakula gani.

Akainuka.

"Usitikisike!" Sudi akamkemea kwa mnong'ono. "Utamshtua!"

Mize akachukua mwavuli wake mwekundu, akauelekeza paani, akaufungua kwa kishindo. Njiwa akaruka, akapotelea mawinguni. Mize akajitwika kivuli cha mwavuli, akatoka mlangoni taratibu, asigeuke kuona kama Sudi anamtazama yeye au bado anatazama juu.