Tangazo la Kifo cha Mama Beno

Marehemu aliingia ofisini kabla ya saa sita mchana, matope ya majaruba ya mpunga yamemkaukia hadi magotini.

"Shikamoo, mama," alisema Careen, fundi mitambo wa redio.

"Tangu lini maiti akaamkiwa?" Mama Beno alitema mate pale mlangoni. "Nimelala shambani nikiwinga ndege, ambako hata simu haishiki. Narudi nyumbani nakuta waombolezaji wamejaa. Kitanda changu kimetupwa nje. Wanapika ubwabwa, na mchele wenyewe wangu!"

Nyuma yake alifuata mwanawe, Beno, anayefanya kazi Kidatu. Alikuwa amewasili alfajiri kuja kuzika, na macho bado yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Mmemuua mama yangu redioni," alifoka. "Wenzangu wa kazini wamechangishana, wamekodi kosta, muda huu wameshapita Mang'ula. Nitawaambia nini? Mnatia kinyaa nyie!"

Mama Beno hakumtazama. Alisogea akakaa peke yake kwenye benchi la pembeni.

Fulgensi, meneja wa redio hiyo ndogo ya jamii, alimgeukia Careen kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama. Mtambo wa matangazo ya vifo aliutengeneza Careen. Programu ya kwanza hupokea ujumbe wa simu, kisha huiita ya pili, yenye sauti ya kusoma, na kuikabidhi hoja tatu, yaani vipande vitatu vya taarifa, kwenye mstari mmoja wa amri: marehemu, mahali pa msiba, na watu wa kupelekewa habari. Ni kazi ya mshenga, hubeba neno kama alivyopewa. Ila ile ya pili haijui majina, inajua nafasi tu. Jina likikaa nafasi ya kwanza, mwenye jina amekufa.

"Programu yako imevuruga mpangilio," Fulgensi alisema. "Mtu wa kupelekewa habari imemfanya marehemu. Aibu gani hii? Ikithibitika ni hivyo, kesho usije."

Cheti cha chuo cha Careen kilikaa sana kabatini huku yeye akiuza vocha pale Kibaoni, na hii ndiyo kazi ya kwanza iliyomfaa. Mbaya zaidi, wiki iliyopita alikuwa ameugusa mpangilio huo huo.

"Ndiyo, ni hivyo hivyo," Mama Beno alidakia. "Mpangilio. Litangazeni hilo sasa hivi, kabla kosta haijafika."

"Lakini mama," Fulgensi aliuliza, "kama wewe ulikuwa wa kupelekewa habari, aliyekufa hasa ni nani?"

"Kwani mimi nafuga maiti? Nimesema tangazeni!"

Careen aliomba muda kidogo. Alijifungia katika chumba cha mitambo, chumba kinachonuka mikojo ya popo hadi macho yanawasha. Aliiita programu ya pili kwa mkono, akaipa hoja tatu za kubuni. Ikasoma sawasawa. Akazipindua kusudi. Ikasoma upuuzi, kama alivyotarajia. Kisha akailazimisha ile ya kwanza imwonyeshe ilichokabidhi jana jioni.

Marehemu: Klementina, mama yake Beno. Msiba: Kibaoni. Habari ziwafikie: wafanyakazi wenzake Beno, Kidatu, pamoja na kamati ya rambirambi.

Hakuna neno lililohama. Kila hoja ilikuwa imepita kama ilivyotumwa. Careen alichukua simu yake, akaipiga namba ya mtumaji.

Ng'ambo ya ukuta, simu ililia mfukoni mwa Beno.

"Haloo?" alisikika. "Haloo? Nani mwenzangu?"

Careen alikata. Siku hizi watu hawachangi kwa maneno matupu, wanataka kwanza wasikie tangazo. Basi huyu bwana akaenda kutangaza kifo cha mama yake mzima, aliyemzaa na kumlea kwa jembe. Akadhani wenzake watatuma mchango na mambo yataishia hapo. Hakukumbuka kwamba watu wa bonde hili wakisikia msiba huja wenyewe, na majamvi yao, na nyimbo zao. Uchafu mtupu! Na bado alikuwa amekaa pale nje akijipangusa machozi.

Lakini huyo mama ataambiwaje? Kunyamaza ni kufukuzwa kazi. Kusema ni kumuua mama wa watu mara ya pili, na safari hii kweli. Careen alizitazama zile hoja tatu kwenye kioo cha kompyuta hadi zikaanza kumchukiza. Mwisho alifungua mlango, akamwita Mama Beno ndani, akaurudishia.

"Mama, kaa kwanza," alisema polepole. "Mashine haikukosea. Nisamehe kwa nitakalokuambia. Aliyetuma lile tangazo ni..."

Mama Beno alimziba mdomo kwa kiganja kinachonuka tope.

"Nilipotokea uani, wote walikimbia," alinong'ona. "Padri mwenyewe aliruka ua. Mmoja tu hakushtuka."

Akatema mate kuelekea upande alikokaa Beno.

"Nenda ukatangaze kuwa mashine yako ni mbovu. Wewe kazi utapata nyingine, binti yangu. Mimi mtoto sina mwingine."