Springi Ngumu

Shakuru alitia ukucha wa dole gumba kwenye mfuo wa bapa kubwa la kisu cha kukunja, akavuta. Bapa halikutoka. Akajipangusa mkono kwenye suruali, kana kwamba tatizo ni jasho, akavuta tena. Ukucha ulipinda, kisu kikabaki vilevile, kimejikunja.

Kilikuwa kisu kizuri, na kwa bei ile asingepata kingine: mabapa matatu, hakuna hata moja linalocheza, na springi kali. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha makuli wote wa bandarini kuchagua hivyo. Kisu kinachofunguka kirahisi, aliwaambia, siku moja kitakufungia vidole.

"Ni mupya, muzee," alisema mama muuzaji. "Ndiyo maana iko ngumu."

"Ngumu ni nzuri."

Akajaribu mkono wa kushoto. Vidole vyake, baada ya kubeba magunia bandarini miaka yote ile, vilikuwa vimejikunja kana kwamba bado vimeshika kitu. Havikuwa na nguvu hata ya kukaza ukucha kwenye mfuo.

Akakirudisha polepole juu ya turubai la mama yule. Akaokota kingine, chenye kutu kidogo. Alikigusa tu, bapa likatoka lenyewe, likaning'inia.

"Hiyo apana, muzee! Imelegea. We mwenyewe unakatazaka watu."

"Najua. Nifungie mu gazeti."

Alilipa, akaenda hatua chache, kisha akarudi na kuinama karibu na mama yule.

"Wale wa bandarini wakikuuliza," alisema kwa sauti ya chini, "useme nilichukua ile ngumu."