Waliovuka Uwanja

Mbawakawa wa tano mwenye nukta nyekundu mgongoni alipatikana Jumanne, ndani ya gogo bovu, upande ambao hakutarajiwa kabisa. Mtafiti alimshika kwa vidole viwili, akacheka peke yake.

Nukta hiyo aliitia kwa mkono wake, kwenye msitu wa upande wa pili. Katikati, kampuni ya mbao ilikuwa imefyeka kila kitu, ikaacha mwendo wa nusu saa wa visiki na jua. Misimu miwili hakuvuka mdudu hata mmoja. Waliobaki ng'ambo walizaana ndugu kwa ndugu mpaka vinasaba vyao vikafanana kama vya watoto wa tumbo moja, na mayai yao mengi hayakuanguliwa.

Siku hizo alirudi nyumbani macho yamevimba. Baba yake, fundi viatu mstaafu aliyehamia kwake, alimwangalia tu asijue amsaidieje.

"Kazi imekushinda, mama?"

"Hawavuki, baba. Hata mmoja."

"Watavuka tu. Kula kwanza."

Wakavuka kweli. Mzee alifurahi kuliko mwenye kazi. Kila jioni, hata kama goti lilimsumbua baada ya matembezi yake ya asubuhi, swali lilikuwa lile lile: "Leo umeona wangapi?"

Shida ni kwamba kampuni nayo ilisubiri jibu hilo. Wadudu wakiweza kuvuka uwanja mtupu, msitu uliobaki ungekatwa vipande vipande vivyo hivyo. Wasipoweza, misumeno ingesimama. Hilo hakumwambia baba, asije akamharibia furaha. Angeweza kuwaficha wale watano. Hakuwaficha. Aliandika alichokiona, akatia saini, akalia kama aliyefiwa.

Misumeno ilipoanza kunguruma, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha baba, akimkanda goti lililovimba. Roho ilimuuma mpaka basi. Alijifariji kwa jambo moja tu: wana mabawa, wataruka.

"Usinicheke, mama," mzee akasema. "Miguu imenigomea. Kuanzia kesho itabidi uwavushe mwenyewe."

Akapapasa chini ya kitanda, akampa kopo la rangi ya viatu lenye matundu kifunikoni.

"Hawa wawili nilishindwa kuwafikisha jana."