Gololi Mbili za Kiapo

Rungu la kwanza lilimvunja Haji meno. La pili lilimwangusha kifudifudi kwenye matope, na kabla hajainua uso, Bwanaheri alikuwa ameshamkanyaga shingo, panga mkononi.

"Umemuua ndugu yangu!"

"Sikumuua! Mwaija, waambie! Usiku ule nilikuwa wapi?"

Mwaija, mkewe, alisimama pembeni mwa umati, mkono mmoja tumboni. "Alikuwa nyumbani na mimi," alisema. "Hadi alfajiri."

Watu wakaguna. Mke aseme nini kingine? Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali akiwa ameshika panga? Askari wa boma walikuwa mbali Bagamoyo, masika yalikuwa yamekata barabara, na kijiji kizima cha Kiwangwa kilitaka damu siku hiyo hiyo.

Aliyewazuia ni Mwalimu Mwinjuma, mjomba wake Mwaija. Alijipenyeza, akala rungu la bega, akasimama juu ya Haji.

"Mnataka haki? Basi na tule kiapo kama walivyokula wazee wetu. Mshtaki na mshtakiwa, wote wawili. Mwenye uongo ataumbuka."

Bwanaheri alisita. Kukataa kiapo mbele ya watu ni kujiumbua mwenyewe. "Haya, fanya haraka," alisema, akatema mate.

Darasani, Mwalimu alifinyanga gololi mbili za udongo. Kila moja aliitia kipande cha msumari, ila moja aliiongezea ndani madini ya risasi ili iwe nzito. Kwa nje zilifanana kabisa.

"Makerere walitufundisha habari za mashine inayochambua chembe ndogo kuliko vumbi," alimnong'oneza Mwaija. "Inazirusha kwa kasi mbele ya sumaku. Chembe nyepesi inapinda sana. Nzito inapinda kidogo tu, inakwenda zake. Kila moja inaangukia mahali pake, uzito wake ukajulikana. Sasa tazama."

Aliibingirisha ya kwanza mbele ya sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Ikakata kona, ikanasa. Ya pili ikayumba kidogo, ikapita.

"Mimi nitashika ubao, wewe utawagawia. Ya Haji ni hii nzito, nimeitia alama ya ukucha. Bwanaheri ataaibika tu, hakuna atakayemgusa. Mumeo atarudi nyumbani, na huyo mtoto hatazaliwa yatima."

"Yenye ukucha ndiyo inayopita?" aliuliza Mwaija.

"Ndiyo. Usije ukakosea, mwanangu."

Mwaija alizifunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa na hofu ambayo hajapata kuwa nayo. Akikosea, basi tena. Njiani alizipapasa, akazipapasa tena, mpaka akawa na hakika.

Nje, Mwalimu aliinamisha ubao juu ya dawati, akaiweka sumaku kando ya njia. "Atakayevutiwa gololi yake na jiwe hili," alitangaza, "huyo ndiye mwenye hatia."

Bwanaheri alianza. Gololi yake iliteremka, ikayumba kidogo, ikapita moja kwa moja hadi chini. Umati ulinguruma. Mwalimu aligeuka ghafla kumtazama mpwa wake.

Haji alipokea ya kwake kwa vidole vyenye damu. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. "Mungu akulipe, mke wangu," alisema, akaiachia.

Ilipofika kwenye sumaku ilipinda kama iliyoitwa kwa jina, ikanasa.

Panga la Bwanaheri lilimpata Haji begani na kuzama hadi kifuani. Yaliyofuata yalikuja kwa pamoja, kutoka kila upande, na watu waliendelea kukata hata alipokwisha kupiga kelele. Walipotawanyika, mtu mmoja tu ndiye aliyekumbuka kumfunika kwa majani ya mgomba.

Mwalimu alipiga magoti kwenye matope, akilia kwa sauti. "Nimemuua mtu asiye na kosa! Mwaija, ulichanganyikiwa, sikulaumu. Lakini mtoto wako sasa..."

"Sikukosea, Mjomba," alisema Mwaija. "Na mtoto hayupo. Haji alimtoa kwa mateke, usiku ule ule."