Mlolongo Mfupi wa Migosi

"Mama Benta, kama unanipenda, nenda ukasimame na Joram."

Mama Benta, muuza samaki, alimkodolea Zadock macho. Tangu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amesimama wa kwanza kabisa nyuma ya picha ya Zadock, fundi wa redio na mwaniaji wa udiwani wa Migosi. Sasa mwaniaji mwenyewe alikuwa akimfukuza.

"Yawa, mguu yangu itakataa," alisema. "Huyo Joram ametufanyia nini?"

Swali zuri. Katika miaka yote ya udiwani wake, Joram alikuwa ameiletea Migosi kibao kimoja kilichoandikwa CHOO CHA UMMA. Kibao kilikuwapo, tena kimesimama imara. Choo ndicho kilichokuwa bado njiani. Bomba la maji, kwa upande mwingine, Zadock ndiye aliyelipigania. Alikaa kwenye ngazi za ofisi ya maji siku nane mpaka wakubwa wakaona haya kumruka kila asubuhi. Ndiyo maana karibu uwanja mzima wa shule ulikuwa umejipanga nyuma ya picha yake.

"Nenda tu, Mama. Nitakuambia baadaye."

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nane, mwaka wa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku la kura. Ulisimama nyuma ya mtu wako mchana kweupe, jirani yako na mkubwa wako wa kazi wakikuona, ukahesabiwa. Kwa wiki mbili Zadock alikuwa amezunguka kwa baiskeli katika wadi zilizotangulia kupiga kura, akipima milolongo kwa hatua na kuandika kwenye daftari. Wadi ya kwanza, mwenye mlolongo mfupi alitangazwa mshindi. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, watu wote wa mshindi wangeenea ndani ya choo cha Joram, kama kingekuwapo. Wadi tano, mara tano.

Mtu mwingine angepiga kelele za wizi. Zadock, ambaye riziki yake ilikuwa kufungua vitu na kuona vinavyofanya kazi, aliona kanuni. Na alikitaka kile kiti. Alikitaka hata usingizini, kwa sababu alijua kabisa angefanya nini akikipata: zahanati, taa za barabarani, na choo.

Mkewe Seline tu ndiye aliyeambiwa siri, na hakuipenda.

"Baba Dorca, hii moshi ya kuchomea waya imekuingia kwa kichwa. Watu wanakupenda, unawafukuza aje?"

"Mama Dorca, waliopendwa wote wako nyumbani. Mimi nataka kiti."

Basi akapita mtu kwa mtu, akiwashika mikono, akiwaapisha. Walimpenda mno hata hawakuweza kumkatalia. Walivuka uwanja shingo upande, wengine wakifuta machozi, wakajipanga nyuma ya mtu waliyemchukia. Mlolongo wa Joram ukatoka langoni, ukaupita mtambo wa kusagia unga wa posho, ukakunja kona. Zadock alijibakizia watu tisa, Seline akiwamo, ili isionekane kama mzaha.

Joram naye alipanda juu ya kreti ya soda, machozi yakimlengalenga. "Nilijua!" alilia. "Nilijua kumbe mnanipenda!"

Saa nne akafika Mzee Walubengo, msimamizi wa uchaguzi, ndani ya suti ya kaunda iliyolowa jasho kwapani. Alisimama langoni, akatazama mlolongo mmoja, akatazama mwingine, kisha akamwendea Zadock moja kwa moja.

"Bwana Zadock, hawa ndio watu wako wote?"

"Ndio hao, Mzee." Zadock alimkonyeza. "Hesabu tu. Sisi tunaelewana."

Walubengo hakukonyeza. Alianza kuhesabu kwa kugusa mabega, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ambayo ilizidi kufifia kadiri alivyoendelea. Alipofika mwisho alirudi akahesabu upya. Zadock alipendezwa na utaratibu huo. Hata uongo, aliwaza, ukifanywa kwa bidii una heshima yake.

"Joram, kura mia sita na kumi na nne," Walubengo alitangaza. "Zadock, kura tisa. Mshindi ni Joram."

Zadock aliendelea kutabasamu, akingojea sentensi iliyobaki. Haikuja. Seline alimshika mkono. Upande wa pili Mama Benta aliketi chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti kama aliyefiwa.

"Mzee, si umekosea?" Zadock aliuliza, tabasamu likiwa bado limemganda. "Mfupi ndio hushinda. Nimeandika. Wadi tano!"

Walubengo alimvuta kando.

"Nisamehe, ndugu yangu. Mimi nastaafu Ijumaa. Jana wakubwa walinipa jina la Joram nije nilisome hapa, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii nikakataa. Niliwaambia Migosi yote iko na Zadock, na safari hii nitahesabu watu jinsi walivyosimama."